Speke ni jina la wapi? Kutoka Ghuba ya Speke hadi Devon na Somerset

Swali: "Nafundisha sekondari Magu, kandokando ya Ghuba ya Speke. Wanafunzi wameniuliza jina hili Speke asili yake ni wapi huko Uingereza. Nilipotafuta mtandaoni nikaletewa Speke ya Liverpool, yenye uwanja wa ndege na jumba la kale. Je, huko ndiko kwao yule mzungu wa chanzo cha Nile? Na ukoo wake bado upo, au jina limebaki kwetu tu?"

Mwalimu, nianze na hilo la Liverpool, maana linawapoteza wengi. John Hanning Speke hakuwa mtu wa Liverpool, na ukoo wake haukupata jina huko. Kwao ni kusini-magharibi mwa Uingereza, katika kaunti mbili zinazopakana, Devon na Somerset. Alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 Orleigh Court, karibu na mji wa Bideford, Devon. Makao ya ukoo wake yalikuwa Jordans, karibu na Ilminster, Somerset. Amezikwa Dowlish Wake, kijiji jirani na Ilminster hiyo hiyo. Kutoka hapo hadi Liverpool ni zaidi ya kilomita 250.

Speke ya Liverpool ni kijiji cha kale kilichokuja kumezwa na jiji. Katika Domesday, daftari la ardhi ambalo mfalme William aliliamuru liandikwe mwaka 1086, kimetajwa kwa tahajia ya Spec. Jumba lile la mbao nyeusi na kuta nyeupe, Speke Hall, lilianza kujengwa karne ya 16 na ukoo wa Norris, wala si na watu waitwao Speke. Wataalamu wa majina ya mahali hulihusisha jina la kijiji hicho na neno la Kiingereza cha kale linalohusu vichaka. Kwa sababu ya uwanja wa ndege na mitaa iliyojengwa huko tangu miaka ya 1930, ukitafuta "Speke" kokote utaletewa Liverpool kwanza. Ni wingi wa taarifa tu, hakuna undugu hapo.

Jina la ukoo lilianza vingine kabisa. Kabla ya kulieleza, wanafunzi wako wajue kwamba Waingereza hulitamka "Spiik", silabi moja, si "Spe-ke" kama tunavyolisoma sisi. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo litakalotusaidia mbele kuelewa kwa nini jina hili limeandikwa kwa namna nyingi.

Majina ya ukoo ya Kiingereza, yale yanayorithiwa kutoka kwa baba, yalianza kushika mizizi baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Yalianza kwa wenye ardhi, kisha kwa karne tatu hivi yakashuka hadi kwa watu wa kawaida. Mengine yalitokana na mahali, mengine na kazi, mengine na jina la baba, na mengine yalikuwa majina ya utani. Speke ni la utani. Katika hati za kale za Devon wenye jina hili wanaandikwa "le Espek" au "L'Espec", na neno hilo katika Kifaransa cha wakati ule lilimaanisha kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti kwa mdomo. Kuna babu fulani aliyefananishwa na kigong'ota, iwe kwa pua, kwa kelele au kwa rangi za nguo, na utani ukaganda kwa watoto.

Hapo tazama hicho kijineno cha mbele, maana mtafiti wa majina hukitegemea sana. Mtu aliyeitwa kwa mahali huandikwa "de": de Speke ni mtu wa kutoka Speke. Aliyeitwa kwa utani au sifa huandikwa "le". Ukoo wa Devon ni wa "le". Hata kama tusingekuwa na ushahidi mwingine, kijineno hicho peke yake kinatuondoa Liverpool.

Yupo L'Espec mmoja maarufu ambaye hutajwa kila mtu anapoandika habari za ukoo huu: Walter Espec, bwana wa Helmsley huko Yorkshire, kaskazini. Alianzisha monasteri ya Rievaulx mwaka 1132, akaongoza jeshi dhidi ya Waskoti katika vita vya mwaka 1138. Vitabu vya nasaba vya karne zilizopita vilipenda kuwaunganisha akina Speke wa Devon naye, na ni rahisi kuona sababu: kila ukoo wenye mali ulitaka babu shujaa. Lakini Walter hakuacha mtoto wa kumrithi, na ardhi yake iligawanywa kwa dada zake watatu. Kwa hiyo Speke wa Devon hawawezi kuwa uzao wake wa moja kwa moja kwa upande wa kiume. Inawezekana walikuwa ndugu wa pembeni. Inawezekana pia kwamba mtu wa Yorkshire na mtu wa Devon walipachikwa jina moja la ndege bila kujuana. Mimi nasimama na hati, na hati zinaanzia Devon.

Huko Devon kulikuwa na kijiji kando ya mto Exe, kaskazini kidogo ya mji wa Exeter, kilichoitwa Brampford. Akina le Espek walipokimiliki, watu wakaanza kukiita Brampford Speke ili kukitofautisha na vingine vyenye jina kama hilo, na hivyo ndivyo kinavyoitwa hadi leo. Devon imejaa majina ya aina hii: Sampford Courtenay, Newton Ferrers, Stoke Fleming, kijiji mbele, mwenye ardhi nyuma. Kwa hiyo pale ukoo haukuitwa kwa kijiji, bali kijiji kiliitwa kwa ukoo. Ndilo lililotokea pia kwenu mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice na kulipa jina la Speke lile ghuba la kusini-mashariki ambalo mto Simiyu unamwaga maji. Speke mwenyewe alikuwa amefariki miaka 11 kabla.

Ukitaka kuelewa kwa nini jina lililoanzia Devon likahamia Somerset, usitafute vita wala njaa. Tafuta ndoa. Sheria ya urithi ya Uingereza ilimpa mwana wa kwanza wa kiume karibu ardhi yote, lakini pasipokuwa na mwana, mabinti walirithi. Binti wa namna hiyo alipoolewa, ardhi ya baba yake ilimfuata kwa mume. Akina Speke walioa vizuri mara kwa mara. Kwa ndoa za karne ya 15 walipata Dowlish Wake na Whitelackington, zote jirani na Ilminster, na kidogo kidogo makao makuu yakahama kutoka Devon kwenda huko. Hii ndiyo picha ya kawaida ya jina adimu la wenye ardhi: halisambai kila upande kama la mafundi na vibarua waliokimbilia mijini, linaruka kutoka shamba moja hadi jingine kwa kufuata urithi wa wanawake ambao hawakuzaliwa nalo.

Devon hawakuiacha kabisa. Ndani ya kanisa kuu la Exeter kuna kikanisa kidogo cha Mtakatifu George, kinachojulikana kama kikanisa cha Speke. Humo amezikwa Sir John Speke, aliyefariki mwaka 1518. Sanamu yake ya jiwe imelala chali, na kuta zimechongwa kwa wingi kiasi kwamba huoni sehemu iliyobaki wazi. Kazi ya kikanisa kama hicho ilikuwa ni kasisi kusoma misa kwa ajili ya roho ya marehemu, kila siku, kwa fedha alizoacha. Mtu wa cheo cha kawaida tu kitaifa alijengewa mahali hapo ndani ya kanisa kuu, na hilo linaonyesha ukoo ulikuwa umefika wapi katika eneo lake.

Kisha likaja jambo ambalo nusura liuangamize. Mwaka 1680 George Speke wa Whitelackington, mbunge, alimkaribisha nyumbani kwake Duke wa Monmouth, mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme Charles wa Pili, na maelfu ya watu wakamiminika kumshangilia. Miaka mitano baadaye Monmouth aliasi, akashindwa, na Jaji Jeffreys akazunguka kaunti za magharibi akihukumu watu kunyongwa kwa mamia. Mtoto mmoja wa George, John, alikuwa amejiunga na waasi na akatorokea nje ya nchi. Mdogo wake Charles ndiye aliyelipa. Alinyongwa sokoni Ilminster mwaka 1685, mbele ya watu waliomfahamu tangu utotoni, na kosa lake kubwa lililosimuliwa ni kwamba alimpa Monmouth mkono. Kaka yao mwingine, Hugh, alikuwa mwandishi wa vipeperushi vya siasa, machachari na asiyeaminika, naye jina lake limejaa katika kumbukumbu za misukosuko ya mwaka 1688, mfalme James wa Pili alipopinduliwa. Nyumba moja, kizazi kimoja.

Tawi hilo kubwa la Whitelackington halikuisha kwa kitanzi. Liliisha kimyakimya, kwa kukosa mtoto wa kiume. George Speke wa mwisho, naye mbunge, alifariki mwaka 1753 akiacha binti, Anne. Mwaka 1756 Anne aliolewa na Frederick North, ambaye kama Lord North alikuja kuwa waziri mkuu wakati Uingereza inapoteza makoloni yake ya Marekani. Mali ikaenda kwa akina North. Koo nyingine za Uingereza katika hali hiyo zilimwekea mkwe sharti la kuchukua jina la mke ili jina lisife. Hapa haikuwa hivyo. Jina lililobaki lilikuwa la tawi dogo, la Jordans, na msafiri wetu wa chanzo cha Nile alizaliwa katika tawi hilo.

Swali lako kuhusu ukoo kuendelea kuwepo lina hesabu yake, na aliyeiuliza hesabu hiyo kwanza alikuwa na uhusiano na Speke mwenyewe. Francis Galton alikuwa miongoni mwa viongozi wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, ile iliyomtuma Speke Afrika. Mwaka 1873 aliuliza hadharani: kwa nini majina ya familia kubwa hupotea? Je, ni udhaifu wa damu, kama wengi walivyodhani? Kasisi mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, alimsaidia kulijibu. Hesabu yenyewe unaweza kuwapa vijana wa kidato cha tano. Chukua wanaume 100, kila mmoja na jina lake la peke yake, na wastani wa mtoto wa kiume mmoja kwa kila baba, wengine wakipata wawili au watatu na wengine wasipate kabisa. Ukiacha bahati tu ifanye kazi, majina kama 37 yatapotea katika kizazi cha kwanza. Kufikia cha pili yatakuwa yamepotea 53 hivi, cha tatu 63, cha tano 73. Hakuna ugonjwa wala laana. Ni kwamba mke na binti hawahesabiwi katika kubeba jina, na njia ya kiume ikikatika mara moja haiungwi tena. Jina kama Smith haliogopi hesabu hiyo, maana kufikia sensa ya mwaka 1881 lilibebwa na watu zaidi ya 400,000, na lilianza katika kila kijiji chenye mhunzi. Jina lililoanza na babu mmoja huishi likining'inia.

Angalia nyumba ya John Hanning mwenyewe. Kaka yake Edward aliuawa Delhi mwaka 1857. Yeye alifariki tarehe 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, akiwinda ndege karibu na Neston Park, Wiltshire, siku moja kabla ya kukabiliana na Richard Burton, aliyekuwa mwenzake wa safari kisha mpinzani wake, kwenye mkutano wa Bath kuhusu chanzo cha Nile. Uchunguzi ulisema ni ajali. Alikuwa na umri wa miaka 37, hakuwa ameoa. Livingstone, na Grant aliyesafiri naye Afrika, walikuwepo kwenye mazishi Dowlish Wake. Ndugu yake Benjamin, kasisi wa kijiji hicho hicho, mwaka 1868 alitoweka London na nchi nzima ikamtafuta, hadi alipopatikana Cornwall akiwa amejifanya mchunga ng'ombe. Baba yao, William, aliyezika mwana maarufu kuliko wote, alipewa ruhusa na Malkia Victoria kuongeza alama mpya katika nembo ya ukoo: mamba, kiboko, na neno "Nile" juu ya maji yatiririkayo. Mwalimu, fikiria hilo. Wanyama wa ziwa lenu wako kwenye nembo ya familia ya wakulima wakubwa wa Somerset ambao karibu wote hawakuwahi kumwona kiboko.

Ndiyo, jina bado lipo. Wapo watu wanaolibeba Uingereza leo, lakini ni wachache, na mtu akijitambulisha kwa tahajia hiyo hasa, dau langu ni kwamba nyuma yake kuna Somerset au Devon. Ukibadilisha herufi, ramani inabadilika. Speak utawakuta zaidi Lancashire na magharibi mwa Yorkshire, Speake zaidi Shropshire, mpakani na Wales. Speight, ambalo nalo ni kigong'ota katika Kiingereza cha kaskazini, ni la Yorkshire. Makarani wa makanisa waliandika walichosikia, na Speke na Speak kwa sikio ni kitu kimoja, kwa hiyo mtu mmoja angeweza kubatizwa kwa tahajia moja na kuzikwa kwa nyingine. Baadhi ya hao wa Lancashire huenda kweli walitokana na kijiji kile cha Liverpool. Hao ni "de", na hawana undugu na ghuba lenu.

Najua vijana watauliza kuhusu DNA. Kromosomu ya Y hupita kutoka baba hadi mwana kama lipitavyo jina la ukoo, na mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walionyesha kwamba wanaume wenye jina adimu moja mara nyingi hushiriki Y moja, wakati wenye majina makubwa kama Smith hawana ufanano unaozidi wa watu baki. Lakini utafiti wao wa mwaka 2007 ndio ninaopenda kuutaja. Walichunguza jina moja adimu la mashariki ya Yorkshire. Kati ya wanaume 18 wenye jina hilo, 7 walikuwa na Y ya aina ambayo hupatikana Afrika, na dalili zilielekea Afrika Magharibi. Ni Waingereza weupe, wasio na habari yoyote ya babu Mwafrika. Nyaraka ziliwarudisha hadi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vipimo vilionyesha babu wao wa pamoja aliishi vizazi vichache kabla ya hapo.

Nalitaja kwa sababu linamgusa Speke kwa namna nzito. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wa Buganda, Karagwe na nchi jirani ni jamii ya wageni waliotoka upande wa Ethiopia na kuwatawala wenyeji. Hakuwa na hati, wala vipimo. Alitazama sura za watu na kukisia. Dhana hiyo ikachukuliwa na wakoloni na wamisionari, ikafundishwa shuleni Rwanda na Burundi kama ukweli kuhusu Watutsi na Wahutu, na damu iliyomwagika kwa sababu yake tunaijua. Mtu ambaye nasaba ya ukoo wake mwenyewe haithibitiki zaidi ya kijiji kimoja cha Devon alithubutu kuandika nasaba za mataifa mazima baada ya kupita tu. Ukifundisha jina hili darasani, naomba hilo usiliache.

Wanafunzi wakitaka kufuatilia wenyewe, wafuate njia hii. Rejesta za ubatizo, ndoa na mazishi za parokia za Uingereza zilianza kwa amri ya mwaka 1538. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo ulianza Julai 1837. Sensa ya mwaka 1881 imenakiliwa yote na kuwekwa mtandaoni, ndiyo inayotumika zaidi kuchora ramani za majina, kwa kuwa inaonyesha watu kabla magari na vita kuu havijawatawanya. Watakutana na pengo moja lisilozibika. Wosia za kale za Devon na Somerset zilikuwa zimekusanywa Exeter, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1942 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu, zikateketea karibu zote. Bomu lilipiga hata kanisa kuu na kubomoa kikanisa kimoja kando yake. Cha Speke kilisalimika. Kwa hiyo kwa kaunti hizo mbili mtafiti hulazimika kutumia kesi za mahakama za London, kodi za meko za karne ya 17, yaani kodi ya kila meko ndani ya nyumba, na maandishi ya makaburini. Waanze na rejesta za Dowlish Wake, Whitelackington na Ashill, ambako Jordans ilikuwa, kisha warudi nyuma Devon, kuelekea Wembworthy na Brampford Speke, wakiandika kila tahajia wanayokutana nayo bila kuirekebisha.